Shampeni ya saa sita usiku huandaliwa saa nane mchana

Kila Desemba simu zinaanza mapema. Mtu anataka kokteli za shampeni za kufungulia mwaka, na swali lake la kwanza ni nichanganye nini na nini. Mimi humrudisha nyuma kidogo na kumuuliza: barafu utapata wapi, na saa ngapi? Kuchanganya ni kazi ya dakika moja. Kinachoamua kama glasi ya saa sita usiku itakuwa tamu au itakuwa juisi iliyopooza hufanyika mchana, jikoni, wakati wageni bado wako saluni. Hilo nimejifunza nikiwa kaunta hapa Arusha, na nimelithibitisha zaidi kwenye shughuli za majumbani, kuanzia Njiro na Sakina hadi huko Kibosho na Marangu ambako Wachagga hupanda kula sikukuu.

Nianze na baridi, maana ndiyo inayoangusha shughuli nyingi. Mapovu ya shampeni ni gesi ya kaboni iliyoyeyuka ndani ya mvinyo. Gesi hiyo hutulia mvinyo ukiwa baridi, na hukimbia ukipata joto. Chupa iliyofungwa ina mgandamizo wa angahewa 5 hadi 6, zaidi ya mara mbili ya upepo wa tairi la gari dogo, kwa hiyo ukiifungua ikiwa vuguvugu nusu ya raha inamwagika sakafuni. Halafu kuna mwinuko wetu. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ina mgandamizo mdogo kuliko ya Tanga au Dar es Salaam, na povu hupanda kwa nguvu zaidi na gesi huisha mapema. Moshi iko chini kuliko Arusha, lakini joto lake la Desemba linafidia. Ukiwa mji wowote kati ya hii miwili, baridi unayoona inatosha ongeza kidogo.

Ninataka chupa iwe kwenye nyuzi 6 hadi 8. Friji ya nyumbani ingeweza kufika hapo, lakini tarehe 31 friji hiyo imejaa nyama, soda na kreti mbili za bia, na mlango unafunguliwa kila dakika. Siitegemei. Natumia beseni kubwa au ndoo pana: barafu nusu, maji nusu, na konzi mbili za chumvi. Watu wengi huweka barafu tupu, chupa ikabaki inaguswa hapa na pale tu. Maji ndiyo yanayoizunguka chupa yote na kubeba baridi, na chumvi hushusha nyuzi zaidi. Kwa nusu saa chupa iko tayari, mradi shingo nayo imezama. Na umeme ukikatika, beseni halijali.

Mzee aliyenifundisha kazi ya kaunta, mtu wa Tanga, alikuwa haruhusu chupa ifunguliwe kabla hajagusa kila kitu kwa mgongo wa mkono: chupa, jagi la juisi, shira, hata glasi.

“Mwanangu,” alikuwa akiniambia, “kimoja kikiwa na joto, vyote vina joto.”

“Hata shira, mzee? Si ni kijiko kimoja tu?”

“Hata hiyo. Itie kwenye barafu.”

Alikuwa sahihi. Juisi ya joto ikikutana na mvinyo wa baridi, glasi inajaa povu mpaka juu, unasubiri lishuke, na likishuka gesi yote imekwenda nalo.

Kuhusu chupa yenyewe, usinunue ya bei mbaya kwa ajili ya kuchanganya. Shampeni halisi hutoka eneo la Champagne, Ufaransa, na ukiwa nayo inywe peke yake, kwa heshima yake. Kwa kokteli kuna chupa nyingine za mvinyo wa mapovu: prosecco ya Italia, cava ya Hispania, na zile za Afrika Kusini ambazo kwenye maduka ya huku ndizo rahisi kupatikana. Ukiona kwenye lebo maneno Cap Classique, ujue mvinyo huo umechachushwa mara ya pili ndani ya chupa yake, njia ile ile ya Champagne. Waafrika Kusini walianza nayo mwaka 1971 kwenye shamba la Simonsig, na mimi nawaheshimu sana kwa hilo, maana mapovu yao ni madogo na yanadumu.

Neno la muhimu zaidi kwenye lebo linahusu sukari. Brut ina sukari isiyozidi gramu 12 kwa lita. Demi-sec ina gramu 32 hadi 50. Wengi wetu tunapenda tamu, na dukani mkono unakwenda kwenye demi-sec wenyewe. Lakini kokteli inaletewa utamu na tunda na shira. Ukiongezea mvinyo mtamu, mgeni anakunywa glasi nusu anaiacha. Kwa kuchanganya chukua brut. Wapenda tamu wawekee demi-sec yao pembeni, wainywe hivyo hivyo, bila kuchanganywa na chochote.

Chupa zinazopandishwa mlimani kwenye buti la gari nazo zina kanuni yake. Barabara za kupanda Kibosho au Machame zina mashimo na kona, na chupa iliyotikiswa njia nzima ina hasira. Mwenye sherehe akiniambia vinywaji vitaletwa jioni ile ile na shemeji anayetoka Dar, namwomba amsihi shemeji afike kabla ya saa nane. Chupa zitulie kwenye baridi kwa saa kadhaa, zisimame, zisiguswe.

Kisha kufungua. Najua harusini tumezoea MC kuhesabu, muziki kupanda, na mfunguaji kuitikisa chupa akicheza nayo mpaka kizibo kirushwe juu. Silipendi hilo, na silifanyi nyumbani kwa mtu. Kizibo kinachoruka kinaweza kumtoa mtu jicho, na mvinyo ulionunuliwa kwa fedha za jasho unaishia kwenye nguo. Namna ninayoitumia ni hii: toa karatasi ya shingoni, weka kidole gumba juu ya kizibo, legeza waya, mara nyingi ni nusu mzunguko mara sita, na tangu hapo kidole kisiondoke. Ilaze chupa kidogo, elekeza shingo mbali na watu. Shika kizibo kisizunguke, zungusha chupa kwa kushika kitako chake. Kizibo kitaanza kusukuma chenyewe, nawe ukizuie kitoke polepole. Ukisikia pumzi fupi badala ya mlipuko, umefanya vizuri, na gesi yote imebaki kwenye mvinyo.

Sasa matunda, na hapa ndipo tuna bahati kubwa. Vitabu vya kokteli vya Ulaya vinahangaika na matunda ambayo wakati wa mwaka mpya kwao hayapo, kuna theluji. Kwetu Desemba ni msimu. Nenda soko la Tengeru Jumatano au Jumamosi, nenda Kilombero, au kwa walio Moshi nenda Mbuyuni, uone.

Ninalolipenda kuliko yote ni pasheni. Chagua yale ambayo ganda limeanza kunyauka na kukunjamana, ndiyo yaliyoiva. Yakate, kamulia ndani ya chujio, sukuma kwa mwiko mpaka mbegu zibaki kavu. Usitie kwenye brenda. Brenda inavunja mbegu, na mbegu zilizovunjika huleta uchungu na vidoa vyeusi. Na jambo ambalo hata wapishi wazuri hulisahau: usitie maji. Sisi tumezoea juisi ya pasheni ya jagi, ile ya maji mengi na sukari, tamu sana kwa chakula cha mchana. Hii ni nyingine. Hapa unataka maji ya tunda lenyewe, mazito na makali, kwa sababu mvinyo ndio utakaoyapunguza.

Shira yake ninaipika kwa glasi moja ya sukari, glasi moja ya maji na kipande cha tangawizi kilichopondwa, inachemka mpaka sukari iyeyuke, inapoa, inachujwa. Sukari ya punje usiiweke moja kwa moja kwenye glasi. Kila punje inavuta gesi na kuitoa, utaona povu linakupanda mkononi. Kwa glasi moja: kijiko kimoja na nusu cha chakula cha pasheni, kijiko kimoja cha shira, halafu mililita 90 za mvinyo. Juisi na shira zikae chini kwanza. Mvinyo unakuja mwisho, ukimiminwa ubavuni mwa glasi iliyolazwa, na kijiko kirefu kinazungushwa mara moja tu, taratibu. Utaona rangi ya dhahabu inapanda kutoka chini, na harufu ya pasheni inakufikia kabla hujainua glasi. Ukimimina juisi juu ya mvinyo badala yake, povu litafurika.

Kulaza glasi si ushamba wa baa ya bia. Mwanafizikia Gérard Liger-Belair wa Chuo Kikuu cha Reims, ambaye amechunguza mapovu ya shampeni kwa miaka mingi, alionyesha pamoja na wenzake mwaka 2010 kwamba kumimina hivyo, kama bia, hubakiza gesi nyingi kuliko kumimina katikati ya glasi iliyosimama. Mhudumu yeyote wa Arusha mkono wake umeshazoea.

Embe linafuata. Wazo lake limetoka Venisi, kwenye baa ya Harry's Bar iliyofunguliwa na Giuseppe Cipriani mwaka 1931, ambako kinywaji cha Bellini kilizaliwa: fyulisi nyeupe iliyosagwa, sehemu moja, na prosecco sehemu mbili. Fyulisi za Lushoto ukizipata, zitumie. Usipozipata, embe dodo linafanya kazi nzuri kabisa, likisagwa na kuchujwa mara mbili ili nyuzi zote zitoke, na likamuliwe ndimu nusu ili lisiwe tamu butu. Rojo ni zito, kwa hiyo mimina mvinyo kwa awamu: kidogo, subiri, tena kidogo. Kinywaji hiki hakipendi haraka, na kwa watu wengi siwashauri. Kwa watu kumi mezani ni kizuri sana.

Wanaume wa baraza huwa wananiambia shampeni ni ya akina mama. Hao nawatengenezea ile ya Konyagi. Kuna kokteli maarufu ya Kifaransa iliyopewa jina la mzinga wa milimita 75 wa jeshi la Ufaransa: jini, limau, shira, na shampeni juu. Konyagi yetu ina kilevi asilimia 35 na inakaa vizuri mahali pa jini. Mililita 30 za Konyagi, 15 za ndimu, 15 za shira, vitikise na barafu mpaka baridi ya chombo iume mkono, chuja kwenye glasi, ongeza mililita 60 za mvinyo. Ni kavu, safi, na inashuka kirahisi mno. Ndiyo maana naiwekea mpaka: moja kwa mtu. Ni pombe kali ndani ya mvinyo, na mapovu yanaiwahisha kichwani. Anayeendesha kushuka mlimani usiku ule simpi kabisa, hata akiwa ndiye mwenye nyumba.

Kwenye shughuli moja Kibosho nilitengeneza ile kokteli ya zamani ya shampeni: donge la sukari lililodondoshewa matone machungu ya Angostura, brandi kidogo, kisha mvinyo. Bibi wa nyumba alikuwa amekaa upande wa mbege, pombe ya ndizi ya Wachagga, kibuyu chake karibu.

“Shikamoo bibi. Naomba uonje hii uniambie.”

“Marahaba mwanangu. Lete.”

Akaonja, akakaa kimya, akaonja tena. “Hii umetia msesewa?”

Nilifurahi kuliko sifa yoyote niliyopata hotelini. Angostura inatengenezwa Trinidad, mbali kabisa na Kilimanjaro, na ina uchungu wa mizizi. Mbege nayo inapata uchungu wake kwenye maganda ya mti wa msesewa, yanayopikwa na ulezi kabla ya kukutana na ndizi zilizochacha. Bibi yule alitambua kazi ya uchungu bila kuambiwa: unazuia utamu usichoshe, na unamfanya mtu atake kuonja tena. Tangu hapo kila kokteli yangu ya shampeni naitafutia uchungu wake. Kwenye pasheni ni ganda la limau linalokamuliwa juu ya glasi mafuta yake yatoke. Kwenye embe ni maji kidogo ya balungi. Msesewa wenyewe siutii kwenye mvinyo, maana kipimo chake wanakijua wapika mbege, nami nawaachia wao.

Rozela nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo inayobeba nyumba nzima. Kule Dijon kulikuwa na meya, padri Félix Kir, aliyeongoza mji huo kuanzia 1945 hadi 1968 na kuwakaribisha wageni kwa mvinyo mweupe wenye crème de cassis, pombe tamu ya kurenti nyeusi. Ukiweka shampeni badala ya mvinyo mweupe unapata Kir Royale. Hiyo cassis ni ghali na si rahisi kuipata huku. Shira nzito ya rozela ina wekundu ule ule na ukali ule ule, na fungu la rozela kavu sokoni ni bei ya kawaida. Chemsha rozela na maji, chuja, rudisha jikoni na sukari mpaka iwe nzito. Vijiko viwili vya chai chini ya glasi, mvinyo juu. Basi.

Na rozela hiyo hiyo, ukiongeza maji ya gesi yaliyopozwa na ndimu kidogo, inakuwa kinywaji cha wasiokunywa pombe, chenye rangi ile ile, ndani ya glasi ile ile ndefu. Hili nalishikilia sana. Mezani kwetu kuna walokole, kuna majirani Waislamu, kuna mama mjamzito, kuna dereva, kuna watoto. Hakuna sababu mmoja wao agonge glasi saa sita na soda ya chupa huku wengine wameshika glasi za sherehe, na hakuna sababu aulizwe kwa nini hanywi. Ila zitofautishe, maana usiku watu hubadilishana glasi. Mimi ninaweka kipande cha chungwa kwenye ukingo wa zile zisizo na kilevi, na jani la nanaa kwenye zenye kilevi. Jagi zao zinakaa meza mbili tofauti, na wahudumu wote wanaambiwa kabla giza halijaingia.

Muulize pia mwenye nyumba ibada ya mkesha inaisha saa ngapi. Arusha na Moshi makanisa hujaa usiku wa tarehe 31, na nyumba nyingi saa sita kamili zina watoto na wapishi tu. Familia inarudi saa saba, wengine saa nane. Ukifungua chupa zote kwa kufuata saa ya ukutani, wenye sherehe watakuta mvinyo umelala. Fungua kwa mafungu, kila gari likiingia getini.

Hesabu ya chupa: chupa ya mililita 750 inatoa glasi 6 za kunywa mvinyo wenyewe, au glasi 8 za kokteli yenye mililita 90. Watu 40 ni chupa 5, na ya sita iwe akiba. Glasi za kukodi zioshe upya hata kama zimeletwa zikiwa zinang'aa. Mara nyingi zina utando wa sabuni, na sabuni inaua povu. Suuza kwa maji ya moto, zipindue zikauke zenyewe. Nusu saa kabla ya wakati, panga glasi kwenye trei na tia shira na juisi chini. Zikibaki dakika tano, watu wawili wanaanza kumimina mvinyo, mmoja upande huu na mwingine ule, na glasi 40 zinakuwa mikononi mwa watu kabla honi na fataki hazijaanza.

Mvinyo ukibaki kwenye chupa iliyofunguliwa, achana na habari ya kuning'iniza kijiko shingoni, hakizuii kitu. Kuna vizibo maalumu vya kubana, vya bei nafuu. Kikiwa kimefungwa na chupa iko kwenye baridi, kesho yake bado una mapovu ya kutosha. Asubuhi ya Januari mosi, mtori ukiwa jikoni, kamua machungwa ya Muheza, yale ya ganda la kijani, yachuje na kuyapoza, halafu changanya nusu kwa nusu na mvinyo uliobaki. Siku hiyo hakuna anayetaka shira.